Mwaka Tuliowekwa wa Kwanza

Tulipotoka makaburini kumzika Tantine Furaha, watu walirudi kwenye fleti yake ya Yeoville, Johannesburg, kama ilivyo kawaida yetu, na viatu vikajaa koridoni mpaka kwenye mlango wa jirani, Mnigeria mmoja mpole aliyetoa viti vyake vyote bila kuombwa. Akina mama wa kanisa walikuwa wameliteka jiko tangu asubuhi. Mimi nilikaa sebuleni na Patient, mwanawe wa kumzaa, tumebanana kwenye kochi lilelile tulilokuwa tukiligombania tukiwa vijana, ila yeye sasa ana kitambi na mimi nina miwani. Sitaeleza hapa jinsi nilivyofika mikononi mwa Tantine, yaani shangazi kwa Kifaransa cha kwetu Kongo. Hiyo ni habari nyingine na ni ndefu. Inatosha kusema kwamba kwa watu wa Yeoville sisi tulikuwa watoto wake wawili, na aliyetaka kujua zaidi alijibiwa kwa jicho.

Jikoni walianza kucheka. Kwenye matanga yetu kicheko hakikosekani machozi yakishakauka kidogo, na mtu asiye na la kuchekesha huonekana hakumjua marehemu vizuri. Mmoja akasema, "Munakumbuka ile siku alibamwangia batoto poda?" Wote wakapasuka. Patient aliniangalia, nami nikaangalia kikombe changu cha chai. Binti yangu, aliyezaliwa hapa na anayeelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, aliniuliza ni poda gani hiyo. Nilimwambia ni mambo ya mpira, ya zamani. Nilimjibu kwa mkato kwa sababu sikuwa na nguvu ya kueleza. Yalikuwa mambo ya mwaka ambao timu ya chuo chetu iliwekwa wa kwanza kabla haijacheza hata mechi moja, na ya Jumamosi moja ya mwaka huo ambayo nimeijutia ujana wangu wote na sehemu kubwa ya utu uzima.

Mwaka ule tuliishi kwenye fleti hiyohiyo, lakini tulikuwa na chumba kimoja tu. Vyumba vingine walikaa familia moja ya Uvira na fundi cherehani aliyekuwa akiimba pambio huku akishona, na akikosea mshono alikuwa akikosea na wimbo. Chumba chetu kiligawanywa kwa pazia la kitenge: Tantine upande wa dirisha, Patient na mimi upande wa mlango, juu ya godoro moja, na viatu vyetu vya mpira vikining'inia nje ya dirisha kwa kamba maana Tantine alikataa kulala navyo. Alisema alikimbia vita, si kwa ajili ya kuja kufa kwa harufu. Kila alfajiri tulimsikia akisali nyuma ya pazia, akimweleza Mungu habari zetu kwa sauti ya mtu anayezungumza na mteja wa siku nyingi: huyu anakohoa, huyu hasomi, wote wawili wanakula kama wamepewa kazi hiyo. Kisha tulisikia maji ya chai yakichemka, na mlango, na hatua zake zikishuka ngazi kwenda saluni.

Saluni yake ilikuwa Raleigh Street, ikitazamana na pale teksi za kwenda mjini zinaposimama. Ilikuwa na viti vinne, kimoja kikiegemezwa kwa tofali, na kioo kirefu chenye ufa pembeni. Alifanya kazi na Mama Noella, mwanamke wa Burundi aliyejua Kiingereza kuliko sisi sote na ambaye alikuwa akisuka haraka mno akiwa na hasira. Siku ya saluni ni Jumamosi. Wanawake wa makanisa yote ya Yeoville wanataka kichwa kiwe tayari kwa Jumapili, na msusi anayefunga Jumamosi ni sawa na mwokaji anayezima tanuri alfajiri. Ndiyo sababu Tantine hakuwahi kutuona tukicheza. Mechi zote za vyuo zilikuwa Jumamosi, na Jumamosi yake ilikuwa ya vichwa vya watu.

Chuo chetu kilikuwa kidogo, cha kulipia, ghorofa mbili ndani ya jengo la zamani la ofisi, na uwanja wetu ulikuwa wa kuazima, kule chini Bertrams, upande mmoja nyasi na upande wa pili changarawe. Patient alikuwa golikipa. Mimi nilicheza pembeni kushoto, na sioni aibu kusema nilikuwa mzuri. Katika ligi yetu kulikuwa na desturi ambayo sijui ipo bado: kabla ya msimu kuanza, makocha wa vyuo vyote walipiga kura kupanga timu kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, na kila kocha alikatazwa kuipigia timu yake mwenyewe. Walitazama msimu uliopita, nani amebaki, nani amehitimu, kisha wakabashiri. Mwaka ule vyuo viwili vikubwa vilikuwa vimepoteza wachezaji wao wazuri, na sisi tulikuwa tumemaliza msimu kwa kushinda mfululizo baada ya kuanza vibaya sana. Makocha wakaangalia huku na huku, wasione pa kupeleka kura zao, wakatuletea sisi. Karatasi ilibandikwa karibu na mlango wa maktaba mwezi wa pili, na jina letu lilikuwa juu kabisa.

Kocha wetu alikuwa Bwana Sibeko wa Soweto, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Alitukusanya uwanjani, akaitazama karatasi hiyo aliyoletewa na mmoja wetu, akairudisha. "Madoda," alisema, akituita wanaume kwa Kizulu, "hii ni taarifa ya hali ya hewa. Wamesema itanyesha. Nani hapa amelowa?" Alitukagua mashati mmoja mmoja. "Sharp. Basi kimbieni." Tulikimbia tukicheka, na sidhani kama kuna aliyemsikiliza. Sisi ni watu tuliokuwa tukiwekwa mwishoni mwa kila foleni ya jiji hili, kwenye ofisi ya vibali, kwenye zahanati, kwenye benki. Leo watu wenye vyeo, wasiotujua kwa sura, walikuwa wameandika kwamba tuko mbele ya wote. Hata sasa, nikiwa na umri huu, sioni jinsi ambavyo tungeweza kulipokea hilo kwa kiasi.

Tulipanda kutoka Bertrams kwa miguu mpaka saluni, ngurumo za mchana zikianza upande wa Observatory. Tantine alikuwa katikati ya kichwa cha mteja.

"Tantine, wametuweka wa kwanza," nilimwambia.

"Nani?"

"Makocha wa vyuo vyote."

"Bote?"

"Wote."

Aliweka kitana chini. Hapa lazima nieleze, kwa msomaji ambaye hakukulia kwetu. Kongo, matokeo ya shule yakitoka, mkuu wa shule husoma majina mbele ya wazazi wote, akianza na wa kwanza. Na mtoto aliyefaulu mtihani wa taifa humwagiwa poda kichwani na nduguze, poda nyeupe ya watoto, mpaka nyusi zinapotea, kisha anatembezwa mtaani hivyohivyo ili kila mtu ajue bila kuuliza. Kwetu hakuna mtu anayetangazwa wa kwanza kabla ya mtihani. Ukishasikia neno hilo, mtihani umekwisha, umeshinda, kilichobaki ni poda na soda.

Patient aliona kinachokuja. "Eish, Mama, ligi haiyaanza," alisema. "Banabashiri tu."

"Bale makocha si njo balimu?"

"Ni balimu ba mpira, Mama."

"Basi. Mwalimu akisema uko wa kwanza, uko wa kwanza. Inama."

Tuliinama. Mama Noella alileta kopo la poda la saluni, lile la kupaka shingoni, na mteja, nusu ya kichwa kikiwa kimesukwa na nusu kimesimama, akainuka kusaidia. Walipiga vigelegele mpaka madereva wa teksi wakazima redio. Tuliteremka Raleigh Street weupe, poda ikiingia machoni, na mwanamke aliyeuza ndizi akatuuliza kwa Kizulu kama mizimu imetuita tuwe waganga, maana kwao waganga wanafunzi hujipaka chokaa. Nilifurahi. Sijawahi kufurahi hivyo tena kwa ajili ya jambo langu mwenyewe. Kwa ajili ya watoto wangu, ndiyo, lakini kwa langu, hapana. Na Tantine alikuwa akitembea nyuma yetu na aproni yake ya kazi, akimjibu kila anayeuliza, "Ba kwanza. Kwa vyuo vyote vya Johannesburg."

Jumapili ilikuwa ibada ya shukrani. Kanisa letu lilikuwa ndani ya ukumbi uliokuwa duka la samani, na alama za miguu ya makabati zilikuwa bado kwenye sakafu. Tantine alitoa kreti mbili za soda na akatuvalisha mashati ya kitenge yaliyoshonwa na yule fundi wa chumba cha pili, langu likiwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Pasta alituita mbele, akatuwekea mikono, akauliza kombe lenyewe tutaliona lini. Patient alitazama viatu vyake. Nilifungua kinywa nieleze kwamba kombe hutolewa mwezi wa tisa, kwa timu itakayokuwa imeshinda, na kwamba kabla ya hapo hakuna anayejua. Tantine alijibu kabla yangu. "Linakuya, Pasta," alisema, na kanisa zima likasema amina.

Halikuja. Mechi ya kwanza tulitoka sare na chuo ambacho hakikuwa hata na jezi zinazofanana. Ya pili tulifungwa na timu iliyowekwa ya mwisho kabisa kwenye karatasi ileile, na wachezaji wake walibebana mabegani kana kwamba wameoa. Nilichojifunza mwaka ule ni kwamba ukiwekwa wa kwanza, kila mtu anacheza na wewe fainali yake. Wao walikuja wametulia, hawana cha kupoteza. Sisi tulikuja na kombe ambalo halijatolewa, tukiogopa kuliangusha. Husemwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi hatukulitia maji, mikono ilitetemeka tu tukalimwaga. Patient, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa akidaka huku akitafuna muwa, alianza kupiga ngumi mipira ya kudaka. Mimi nilianza kutoa pasi mipira ambayo zamani ningekwenda nayo mwenyewe. Bwana Sibeko hakutukemea. Alisema tu kwamba mvua ya watu wengine imetunyeshea vibaya.

Kanisani palikuwa na mama mmoja ambaye kila Jumapili alimwuliza Tantine kombe limefika wapi, kwa sauti ya kuulizia mzigo uliotumwa kutoka Bukavu. "Liko njiani," Tantine alimjibu, wiki baada ya wiki, na mwezi wa tano ukaisha, na wa sita. Jioni, nyuma ya pazia, nilimsikia akimwambia Mama Noella kwamba watu wana midomo. "Banamucheka nani? Basicheke batoto," alisema. "Bakitaka bakuye bacheke mimi." Nililala macho wazi. Kushindwa kwenyewe nilikuwa nimekuzoea. Nilichoshindwa kuzoea ni yeye kujibu maswali ambayo yalinihusu mimi.

Mwezi wa saba, baridi ikiwa kali na nyasi za Bertrams zimekauka rangi ya mkate, Bwana Sibeko aliniita baada ya mazoezi kwenye bakkie, pikapu yake nyeupe iliyobeba mipira. Alifungua mlango wa abiria, nikaingia. Aliniambia klabu moja ya kulipwa ya Pretoria inatafuta mchezaji wa pembeni kushoto, kijana, na mtu wao ameniona mara mbili bila mimi kujua. Walitaka nije wanijaribu siku nzima. Jumamosi hii, na hakuna siku nyingine.

"Jumamosi hii tuna mechi," nilimwambia.

"Najua. Mimi ndiye kocha."

"Timu itafanyaje?"

"Timu itakuwepo mwakani pia. Huo mguu wa kushoto hutakuwa nao siku zote."

Nilikwangua matope yaliyokauka gotini. Nilitaka kwenda. Niliona mpaka rangi ya jezi. Kisha nikamwambia ukweli, kwamba Jumamosi hii Tantine anakuja kututazama, mara ya kwanza maishani mwake. Alikuwa amechoshwa na yule mama wa kombe, akatangaza mbele ya watu baada ya ibada kwamba atafunga saluni, atawachukua akina mama wa kwaya, wateremke wote Bertrams wakaone kwa macho yao kama watoto wake ni wa kwanza au si wa kwanza. Kufunga saluni Jumamosi. Nilimweleza kocha uzito wa jambo hilo, na yeye, ambaye mama yake aliuza magwinya, maandazi ya huku, kituo cha treni, hakuhitaji kuelezwa sana. Aliwasha gari. "Usinijibu mimi," alisema. "Jumamosi nitaona kama upo."

Sikumwambia Patient. Sikumwambia mtu. Siku zile nilitembea na jambo hilo kila mahali, nikiamka nimeamua kwenda, nikilala nimeamua kubaki. Kwenda Pretoria kungekuwa kumwacha Tantine akae kwenye baridi na kwaya nzima, akiwatafutia kijana ambaye hayupo. Tena tulikuwa tumemwagiwa poda. Mtu aliyemwagiwa poda hakimbii shule aliyotangazwa. Najua hilo halina mantiki, na nimewahi kumwambia mke wangu hivyo akanitazama kama mgonjwa, lakini kwangu lilikuwa na nguvu kama sheria.

Ijumaa jioni Tantine alirudi, akavua viatu, akakaa kitandani bila kufungua koti. Pazia lilikuwa wazi. Alikuwa akisugua vidole vyake, kama afanyavyo siku za baridi.

"Elia," aliniambia, "kesho sitakuya."

"Kwa nini, Tantine?"

"Kuko bibi harusi. Yeye na basichana bake wote. Siwezi kubaacha."

"Na akina mama wa kwaya?"

"Nimebaambia. Mechi nyingine." Kisha akaongeza, akiwa ameangalia dirisha, "Wewe ukikuwa na safari yako, ufanye safari yako. Usiniwaze mimi."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi mno. Jioni ile niliyasikia kwa sikio la kijana aliyefungwa mechi nyingi. Nilisikia kwamba amekata tamaa. Nilidhani ameona tutafungwa tena, mbele ya kwaya, na kwamba ametafuta bibi harusi wa kumkinga na aibu. Hilo liliniuma kuliko kicheko chochote cha kanisani. Mpaka dakika ile nilikuwa naegemea Pretoria, Mungu ni shahidi. Begi langu lilikuwa limefungwa chini ya godoro. Baada ya maneno yale niliamua nitabaki. Nitashinda mechi hii, nilijiambia, nitamletea jambo la kuwajibia wale watu, na Jumamosi ijayo atafunga saluni kwa hiari yake.

Asubuhi alitoka mapema kama kawaida. Mimi na Patient tuliteremka mchana kwa njia ya nyuma, tukapita kwenye bonde mpaka Bertrams, mikono mifukoni, pumzi zikitoka kama moshi hata jua likiwa juu. Bwana Sibeko alikuwa akigawa jezi. Aliponiona alisimama kidogo. "Upo," alisema. "Nipo, kocha." Akanipa jezi yangu na hakusema zaidi. Tulishinda bao moja kwa bila. Nilifunga mimi, kipindi cha pili, kutoka upande wa changarawe: nilikwenda na mpira mwenyewe, kama zamani, nikampita beki wao mara mbili kwa sababu mara ya kwanza haikunitosha. Patient alidaka kila kitu. Pembeni walisimama watazamaji wachache na mbwa. Nilipofunga niligeuka kutazama mahali ambapo Tantine angekaa, nikamwona mtu wa spaza, kile kiduka cha jirani, akila ndizi.

Tuliporudi, kabla hatujafika ghorofa yetu, tulisikia harufu ya sombe, kisamvu cha kwetu. Hilo halikuwa jambo la Jumamosi. Jumamosi Tantine alirudi giza limeingia, na sisi tulikula mkate. Lakini siku hiyo jua lilikuwa bado kwenye ukuta wa jikoni na yeye alikuwa ameshika mwiko, fufu imeiva, sombe imepikwa na ndakala, dagaa wa kwetu, na mawese yake ya akiba ambayo yalikuwa ya Krismasi. Alinitazama kutoka miguuni kwenda juu, viatu, matope, begi la mpira.

"Mumeshinda?" aliuliza.

"Tumeshinda, Tantine. Nimefunga mimi."

"Ni muzuri," alisema. "Ketini. Mukule."

Nilikuwa nimepanga jinsi atakavyoruka. Nilingoja vigelegele, nikangoja hata swali moja, bao lilikuwaje, nani alikupa pasi. Alitupakulia tu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatutazama tukila. Niliwaza kwamba chakula hiki ni cha kuomba radhi kwa kutokuja, na nikaona radhi hiyo ni ndogo. Hata hivyo nilikula mpaka sahani ikang'aa, nikaomba tena, naye akanipa sehemu yake.

Msimu ulimalizika tukiwa katikati ya msimamo, mahali ambapo hakuna anayekukumbuka. Kombe lilichukuliwa na kimojawapo cha vile vyuo vikubwa. Pretoria walimpata mtu wao, kijana mwingine wa kushoto, na nilimwona kwenye televisheni ya baa kwa miaka kadhaa; alikuwa mzuri, na nilimwangalia kama mtu anayeangalia nyumba aliyokosa kuinunua. Bwana Sibeko hakunilaumu hata siku moja, na hakuna aliyeniita tena. Leo nafunga kamera za ulinzi kwenye nyumba za watu wa kaskazini mwa jiji. Ni kazi nzuri, imesomesha watoto. Lakini nikiwa juu ya ngazi, nikiona chini wavulana wanacheza barabarani, mguu wa kushoto bado hujikunja wenyewe ndani ya buti. Sijui kama ningefaulu siku ile. Pengine wangenirudisha kabla ya saa sita. Majuto mengine huzeeka pamoja na mtu, yakalegea. Haya yangu hayazeeki kwa sababu hayakupata jibu.

Na niliyageuza kuwa mzaha, maana ndivyo tulivyo. Kila Krismasi, tukishakaa mezani kwake, niliwaambia watoto: bibi yenu hakuwahi kuniona nikicheza, alikosa bao langu bora kwa ajili ya bibi harusi. Watoto walicheka, Patient alicheka. Tantine naye alicheka na wengine, akasema, "Njo vile, kazi ni kazi," akaniongezea wali.

Siku ya matanga, watu walipopungua, Mama Noella alitoka jikoni akikausha mikono. Amezeeka, anatembea akishika kuta, lakini Kiingereza chake na hasira zake ziko palepale. Alikaa kwenye kiti cha Mnigeria, mbele yangu. Kwa kuwa kila mtu alikuwa akisimulia la kwake, nami nikaanza la kwangu, la bibi harusi, kama nilivyozoea. Hakucheka.

"Bibi harusi gani?" aliuliza.

"Yule wa Jumamosi ile. Mliyemsuka."

Alimwangalia Patient, kana kwamba anaomba ruhusa. Halafu akanieleza. Alhamisi ya wiki ile Bwana Sibeko alikuja saluni. Alisimama katikati ya wanawake, kofia mkononi, akamweleza Tantine habari ya Pretoria, na Mama Noella ndiye aliyetafsiri. Alisema kijana anataka kwenda ila anaogopa kumwacha mama yake uwanjani. Tantine aliuliza swali moja tu, kama kweli nataka. Kocha akasema kweli. Basi Tantine akawaambia wanakwaya wasije, akabuni bibi harusi, akaja kuniambia.

"Nilimwuliza kwa nini asikuambie tu uende," Mama Noella alisema. "Akasema, 'Nikimutuma mimi, atakwenda kwa sababu yangu, na bakimukataa atarudia na haya usoni. Mimi nimutolee tu njia. Apite yeye mwenyewe.'"

Jumamosi ile, alisema, saluni ilikuwa wazi lakini Tantine hakugusa kichwa. Aliwarudisha wateja. Aliweka kiti mlangoni, akajifunika kitenge mabegani kwa ajili ya baridi, akatazama teksi za mjini zikijaa na kuondoka, kwa sababu anayekwenda Pretoria lazima apande ya mjini kwanza, na lazima apite hapo. Kila kijana mwenye begi alimfanya ainuke kidogo. Ilipofika mchana Mama Noella alimwambia aingie ndani, muda umepita. Alikataa. Alikaa mpaka jua likahama mlangoni.

"Kisha akasimama, akakunja kitenge," Mama Noella alisema. "Nikamwuliza utamwambia? Akasema, 'Nimuambie nini? Labda bameshinda, atakuya na furaha. Hakupita. Acha niende nimupikie, atarudia na njaa.'"